Tamko la Watumia Maji wa Vijito vya Juu vya Mto Zigi Kuhusu Upimaji wa Afya ya Vijito

Sisi, wanachama wa jumuiya ya watumia maji katika vijito vinavyoulisha Mto Zigi, Usambara Mashariki, wilayani Muheza, tunatoa tamko hili kwa wananchi wenzetu wa milimani na wa bondeni, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa halmashauri ya wilaya, kwa wasimamizi wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na kwa wakazi wa Jiji la Tanga ambao maji yao hupita kwetu kabla ya kufika Bwawa la Mabayani.

Tunalotaka kusema ni hili: afya ya kijito haijulikani kwa kutazama rangi ya maji, na haijulikani kwa chupa moja ya sampuli inayopelekwa maabara mara moja kwa msimu. Wanaoijua ni viumbe wanaoishi humo usiku na mchana, masika na kiangazi. Tunataka viumbe hao wakaguliwe kwa utaratibu unaoeleweka, tushirikishwe katika kuwakagua, na majibu yarudi kijijini.

Chupa ya sampuli na mipaka yake

Hatuna ugomvi na maabara. Anayetaka kujua kama maji yanafaa kunywewa hana budi kupima bakteria wa kinyesi, na kiwango kinachotakiwa ni kikali: katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Lakini hilo ni swali la mnywaji. Kijito kinachotoka ndani ya msitu wa Amani kinapita chini ya mbega, kima na nguruwe mwitu, nao hawajachimba vyoo. Maji yake yanaweza kushindwa kipimo cha kunywa ilhali kijito chenyewe hakina dosari. Tunalisema mapema ili asitokee mtu wa kulichukua tamko hili kuwa ruhusa ya kunywa maji ya kijito bila kuyachemsha.

Upande wa pili ndio unaotuumiza vichwa. Mkulima anamaliza kupulizia nyanya zake, anashuka kijitoni na bomba la mgongoni, analisuuza mara mbili tatu, anarudi zake nyumbani. Dawa nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo zimetengenezwa kuua wadudu, na nyingine, hasa zile za jamii ya pairethroidi, huwaua wadudu wa majini hata zikiwa chache kiasi cha kutoonekana wala kunukia. Maji yanayokimbia huzichukua kwa muda mfupi tu. Akifika mtaalamu wiki inayofuata na chupa yake, atachota maji safi, ataandika kuwa ni maji safi, wala hatakuwa amedanganya. Hali ni hiyo hiyo kwa utupa. Majani yake yakitwangwa na kumwagwa kwenye kidimbwi, samaki wanalewa na kuelea, na kijana anarudi nyumbani na kitoweo. Sumu iliyomo humo, rotenoni, huharibiwa na jua na joto baada ya siku chache. Waliokufa pamoja na samaki ni wadudu wote waliokuwa wakipumua kwa matamvua kuanzia hapo hadi mita nyingi chini, na hao hawarudi kwa siku chache.

Chupa, kwa maneno mengine, inasimulia dakika ile iliyochotwa. Mdudu anayekaa miezi kadhaa chini ya jiwe kabla ya kuota mabawa hana njia ya kukwepa kilichopita juu yake usiku wa Jumamosi. Akikosekana mahali alipostahili kuwepo, kuna jambo limetokea, hata kama aliyelitenda hakuonekana.

Tunachokiona tukigeuza jiwe

Utaalamu huu si mgeni barani kwetu. Afrika Kusini wamekuwa wakiwapa wadudu wa mtoni alama tangu miaka ya 1990, na toleo la tano la mfumo wao, SASS, lilichapishwa mwaka 2002. Kwetu, mtafiti Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2015 mfumo unaolingana na mito ya Tanzania, unaoitwa kwa kifupi TARISS. Huo unahitaji mtu aliyesomea. Kwa sisi wengine ipo njia fupi, miniSASS, iliyobuniwa huko huko Afrika Kusini ili wanafunzi na wanakijiji waweze kuitumia. Ina makundi 13 tu ya viumbe, na aliyezaliwa kando ya kijito huwa ameshawaona karibu wote, pengine bila kuwa na jina la kila mmoja.

Kinachohitajika ni wavu mdogo uliokazwa kwenye fremu, beseni jeupe, kioo cha kukuzia na watu wasioogopa kulowa. Unasimama pale maji yanapokimbia juu ya mawe, wavu ukiwa upande yanakoelekea, unayasugua na kuyageuza mawe kwa mguu ili waliojishikiza wachukuliwe na mkondo hadi wavuni. Kisha unapitisha wavu kwenye majani yaliyoinamia maji ukingoni, halafu unatibua kidogo mchanga na tope la mahali palipotulia. Yote unayamimina kwenye beseni lenye maji. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Mwanzo huoni ila uchafu na majani yaliyooza. Maji yakitulia, uchafu unaanza kutembea.

Yupo bapa, kichwa kipana, mikia mitatu, amejibana kwenye jiwe kiasi kwamba ukimgusa anateleza pembeni bila kunyanyuka. Huyu ana alama 11. Anayefanana naye lakini mwembamba, anayeogelea kwa kuchapa mkia kama kisamaki, ana 5, kwa sababu huvumilia maji yaliyochoka kidogo. Yupo mwenye mikia miwili tu, miguu yenye kucha na vishada vya matamvua chini ya kwapa. Ana 17, ya juu kuliko wote, maana hakai mahali palipopungukiwa na oksijeni. Kuna kiwavi anayejijengea nyumba kwa punje za mchanga au vipande vya majani na kutembea nayo, na nduguye asiyejenga nyumba bali hutega utando mdogo kati ya mawe na kula kinachonaswa. Wote wawili wako kwenye kundi la alama 9. Kaa wa mtoni ana 6, kereng'ende mchanga mnene ana 6, konokono 4. Mwishoni wako nyungunyungu, ruba na vibuu vya jamii ya nzi na mbu, kila kundi alama 2. Miongoni mwa vibuu hivyo wako wekundu kabisa, ambao wekundu wao unatokana na damu inayoweza kushika hewa hata kwenye tope linalonuka.

Alama hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Beseni lenye mwenye mikia miwili, bapa wa mikia mitatu, mjenga nyumba, kaa na kereng'ende mnene lina 17, 11, 9, 6 na 6, yaani 49. Gawanya kwa tano unapata 9.8. Beseni jingine lina nyungunyungu, ruba, vibuu na konokono: jumla ni 10, wastani 2.5. Wingi hauongezi kitu. Vibuu elfu moja wekundu ni kundi moja, alama 2.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna mambo ambayo mzee yeyote wa hapa angekueleza bila beseni. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita yakiwa usawa wa bahari. Yakifika nyuzi 28 hayafiki 8. Miti ya ukingoni ikikatwa jua huingia, maji hupata joto, na hewa hupungua kabla hata mtu hajatupa taka. Majani yaliyokuwa yakidondoka na kuwa chakula cha wadudu nayo hayapo tena. Kisha mvua ya kwanza inashusha udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni, unajaza nafasi zilizopo kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba zenyewe. Ukishika jiwe likakataa kunyanyuka kwa sababu limezama nusu kwenye tope, unaweza kuandika matokeo kabla ya kuchukua wavu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao umekuwa ukiibuka na kuzimwa katika milima hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi zaidi: mchanga unaooshwa mahali pamoja unaziba mawe ya sehemu ndefu ya kijito. Zebaki, pale inapotumika, ni janga jingine. Hiyo tunakiri haitaonekana kwenye beseni mapema, na hapo maabara ndiyo inayohitajika.

Alama isiyoona kila kitu

Tunautaka upimaji huu, lakini hatutaki ugeuzwe dini. Mfano uko hapa kwetu. Katika vijito vya msitu karibu na Amani anaishi kereng'ende mwembamba ambaye wataalamu humwita Amanipodagrion gilliesi. Alielezwa kisayansi mwaka 1962, hajulikani kuwepo popote duniani nje ya Usambara Mashariki, na orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamweka katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka. Katika miniSASS kundi la kereng'ende wembamba lina alama 4, awe huyu au awe yule wa kawaida anayezagaa kwenye mifereji ya mpunga. Akitoweka kesho na jamaa zake wa kawaida wakabaki, wastani wa kijito hautashuka hata nukta. Kwa hiyo pale anapoishi tunataka ukaguzi wa pekee, unaofanywa na watu wanaomtambua, na kijito kilichomhifadhi kisilinganishwe na kingine kwa alama peke yake.

La pili ni gumu zaidi kulisema hadharani, ila wananchi wetu watatuuliza na wana haki. Usubi. Inzi mdogo mweusi anayeeneza ugonjwa huo katika milima yetu, Simulium woodi, hupitisha uchanga wake akiwa amejishikiza kwenye mwili wa kaa wa mtoni, na kaa huyo anapenda vijito vyenye kivuli na maji yanayokwenda kasi. Kijito kinachotupatia alama nzuri kinaweza kuwa ndicho kinachomlea inzi huyo. Hatulifichi. Wilaya yetu imekuwa ikigawiwa vidonge vya ivermectini kwa miaka mingi, na jawabu la usubi limo katika dawa hiyo na katika kwenda kupimwa. Kuharibu kijito ili kumfukuza kaa ni kujinyima maji kwa ajili ya inzi. Lakini tunaomba idara ya afya na watu wa maji wakae meza moja. Wanapita kwenye kijito kile kile, kila upande na daftari lake.

Tena, wavu hauoni kiasi cha maji. Kijito kinaweza kuwa na wadudu wote wanaotakiwa mwezi Julai na kisifike mtoni mwezi Februari kwa sababu juu yake kuna mabomba na mifereji isiyo na kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inatambua akiba ya maji: kiasi kinachopaswa kubaki kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa viumbe wa majini, kabla ya kugawiana kilichosalia. Akiba hiyo haiwezi kulindwa kwenye kijito ambacho hakuna anayepima mtiririko wake. Nguzo yenye vipimo iliyosimikwa darajani, na mtu wa jirani anayeandika kina cha maji kila asubuhi, ni gharama ndogo sana.

Mita 60

Hofu iliyojitokeza zaidi katika mikutano yetu haikuhusu wadudu. Ilihusu mashamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi. Ekari moja iliyokaa mraba ina upande wa mita 64 hivi. Mwenye ekari moja iliyogusa kijito, kama wengi wetu tulivyorithi kwa wazazi, akisoma kifungu hicho kwa ukali anabakiwa na ukanda wa mita nne. Huyo ndiye atakayeona watu wameshika wavu na beseni akaanza kuuliza wanatafuta nini kwake. Hatuwezi kumlaumu.

Msimamo wetu ni kwamba sheria ibaki. Tunachokataa ni alama ya kijito kutumiwa kama fimbo ya kumchapia mkulima mmoja, wakati tope lililomo huenda limetoka barabarani, kwa jirani wa juu, au kwenye shamba kubwa lisiloguswa na mtu. Beseni linaonyesha kwamba kijito kinaumwa. Halitaji mgonjwa alikoambukizwa. Ili kupata jibu lazima kipimwe juu na chini ya kila mahali panapotiliwa shaka: juu ya mahali pa kufulia na chini yake, juu ya kivuko cha barabara na chini yake, kabla ya bustani ya nyanya na baada yake. Na kipimo cha kulinganishia kitoke ndani ya Hifadhi, kwenye kijito cha mwinuko na ukubwa uleule, maana haitakuwa haki kukipima kijito cha tambarare chenye mchanga kwa mizani ya kile kinachoporomoka juu ya mawe.

Kwa ukanda wenyewe wa mita 60, tunapendekeza kuanza na vinavyowezekana. Magimbi na mboga zinazolimwa hadi ukingoni zirudi nyuma kwanza, kwa sababu ndizo zinazotibua udongo kila msimu. Mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi ivunwe na isipandwe tena. Mahali pake paoteshwe miti ya asili, na pale ambapo mamlaka zitakubaliana nasi, iliki na mdalasini chini ya kivuli cha miti hiyo zihesabiwe kuwa mpito unaovumilika hadi ukingo ufunge. Wapo wahifadhi watakaosema tumelegea. Tunawaalika waje wapime chini ya shamba la iliki lenye kivuli na chini ya shamba la mboga lililo wazi, halafu tuzungumze tukiwa na namba.

Tunayoyadai na tunayoahidi

Kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani tunadai ratiba ya upimaji wa vijito vya juu vya Zigi kwa kutumia viumbe hai, sambamba na sampuli za maabara, angalau mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa kiangazi cha Februari, na katika ukame wa baada ya masika. Upimaji usifanywe mara baada ya mafuriko, maana maji makubwa huwakokota wadudu na kukifanya hata kijito kizima kionekane kitupu. Wataalamu wa TARISS wafanye yao, sisi tufanye ya miniSASS mahali palepale siku ileile, ili ijulikane vipimo vyetu vinaaminika kiasi gani. Tukikosea tufundishwe.

Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji kwa Kiswahili, yakionyesha mahali, tarehe, viumbe waliopatikana na alama. Tumechoka kutoa watu wetu wa kubeba vifaa na kuonyesha njia, kisha ripoti ikaenda mjini na isirudi.

Kwa wakazi wa Tanga tuna ombi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji lenu iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua na kuboresha huduma ya maji, jambo la kujivunia. Mabomba na mitambo itakayojengwa itategemea kinachoshuka kutoka huku juu. Tunaomba sehemu ndogo ya mapato ya maji itengwe kila mwaka kwa ajili ya kulinda na kupima vijito hivi, na itajwe wazi kwenye mahesabu.

Tunaziomba shule za kata zilizo karibu na vijito ziingize upimaji huu katika masomo ya sayansi. Wavu ushonwe hapa hapa. Fundi cherehani yeyote anaweza. Wenye maduka ya pembejeo tunawataka wamweleze kila mnunuzi wa dawa ya kupulizia kwamba bomba huoshewa shambani, na maji ya kusuuzia humwagwa kwenye shamba lilelile lililopuliziwa.

Kwa upande wetu, tunatamka kwamba kuanzia sasa mwanachama atakayebainika kuoshea bomba kijitoni, kutia utupa au sumu nyingine ya kuvulia, au kulima ukingoni upya mahali palipokwisha kuachwa, atajibu mbele ya mkutano wa wanachama na atatozwa kwa mujibu wa kanuni zetu, awe kiongozi au awe mwanachama wa kawaida. Tutachagua wapimaji wawili kila kitongoji, mmoja wao mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wanaofika kijitoni kila siku na huona mabadiliko kabla ya wengine.

Jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka zilizotajwa tunaliomba kabla ya masika, ili upimaji wa kwanza wa pamoja uweze kupangwa kwa ukame utakaofuata. Nakala ya tamko hili imebandikwa kwenye ofisi za vijiji vinavyohusika. Daftari la matokeo litatunzwa ofisini kwetu, na mwananchi yeyote ana ruhusa ya kuja kulisoma.